Difu ya Mkokoteni

Miaka ile ya foleni za sabuni nilikuwa dereva wa zahanati huko Uru. Gari letu lilikuwa jipu kuukuu, na kwa kuwa lilikuwa la zahanati, watu waliniuliza kila siku kama limeshatumbuliwa. Mkuu wangu alikuwa muuguzi mkunga, mama wa makamo kutoka Singida. Hakuwahi kuucheka mzaha huo.

Tairi zilipokwisha tuliomba nyingine wilayani. Kahawa ilichanua, ikaiva, ikachumwa. Tairi zilipofika zilikuwa za lori dogo. Mtunza stoo aliniambia tairi ni tairi, na kama sizitaki wapo wanaozitaka. Nikatia sahihi. Ilibidi tukate bodi kwa patasi ndipo zikaenea, na jipu likanyanyuka hata wajawazito wakawa wanawekewa kigoda cha kupandia.

Barabara ya tambarare lilikwenda vizuri. Mlimani halikupanda. Gia ya pili, ambayo zamani ilitufikisha hadi kanisani, sasa ilizima injini kwenye kona ya kwanza. Gia ya kwanza ilitambaa huku klachi ikinuka. Mara mbili tulipitwa na bibi aliyejitwika mkungu wa ndizi. Mara ya pili alitupa pole.

Nikateremka mjini, Majengo, kwa fundi mmoja Singasinga, mzee asiyependa maneno mengi. Alipima tairi kwa kamba, akanieleza kwamba injini haina ugonjwa. Tairi kubwa inataka kwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na injini haina nguvu hizo. Dawa ilikuwa kubadili meno ndani ya difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli linalopeleka nguvu magurudumuni. Yetu ilikuwa na gia ndogo ya meno tisa ikizungusha kubwa ya meno thelathini na saba. Alitaka nane kwa thelathini na tisa, ili injini izunguke zaidi kabla tairi haijamaliza mzunguko wake.

Alikuwa na seti moja tu, ameihifadhi ndani ya kopo la grisi. Lakini jipu lina difu mbili, mbele na nyuma. Akaifunga ile moja nyuma. Siku mbili nzima alipaka meno rangi ya bluu, akazungusha, akatazama yalipogusana, akafungua, akaongeza washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, nyembamba kama karatasi, akarudia. Mwishoni alichomoa shafti inayopeleka nguvu mbele, akanikabidhi mkononi.

"Usiirudishe mpaka upate difu ya mbele yenye meno kama haya," aliniambia. "Ukiirudisha sasa, mbele itataka kukimbia na nyuma itataka kutembea. Kitu kitavunjika, na mimi sina kingine."

Jipu likapanda. Tulifurahi mpaka masika.

Siku moja mchana, mvua ikinyesha, tulimchukua mama mwenye uchungu kutoka vijiji vya juu ili tumpeleke hospitali mjini. Ili kufika barabara kubwa ilitupasa kwanza kuvuka korongo na kupanda ng'ambo. Hapo magurudumu ya nyuma yalizunguka papo hapo, ya mbele yakikaa tu kama wageni. Wanaume waliokuwa wakipalilia migomba yao walikuja kusukuma. Walisukuma, wakaanguka, wakasukuma tena. Muuguzi alinigongea dirisha akaniambia nizime injini, maana kelele zinamsumbua mgonjwa. Mtoto alizaliwa humo garini, msichana, salama, huku wale wanaume wamegeuzia uso migombani na tope likiwadondoka masikioni.

Muuguzi aliponawa mikono kwa maji ya mvua alikuja upande wangu.

"Dereva, haya magurudumu ya mbele yana kazi gani?"

Nikaanza kumweleza habari za meno. Akaniambia hataki meno, anataka yazunguke. Nilijisikia vibaya kuliko kama angenitukana.

Nilitafuta difu ya pili kwa wiki nyingi. Nilikuja kuipata sokoni Kwa Sadala, nilikokwenda kununua mahindi, chini ya mkokoteni wa punda. Mkokoteni ulijengwa juu ya ekseli ya jipu la zamani, difu ikining'inia katikati. Nikaweka alama ya chaki kwenye gurudumu, nikaufuata nikiwa nimeinama, nikihesabu. Gurudumu likizunguka mara moja, kile kichwa cha difu, pale inapofungwa shafti, kilizunguka karibu mara tano. Ya kwetu ya zamani ilikuwa nne na kidogo.

Mwenye mkokoteni alikuwa mama mmoja mjane, muuza ndizi. Alisimamisha punda akaniuliza nimepoteza nini.

"Shikamoo mama. Naomba hicho chuma cha katikati."

"Marahaba. Hicho ndicho kinachoupa mkokoteni nguvu. Aliyeniuzia alinihakikishia."

Nikamwambia mkokoteni hauna injini, kwa hiyo punda ndiye anayekizungusha kile chuma bure, na tukikitoa magurudumu hayatachomoka. Hakuniamini. Tukakubaliana nikitoe, nizibe tundu kwa bati, na ukigoma kutembea nikirudishe na kuzivuta ndizi zake mwenyewe mpaka jioni. Nilifungua nati hadi saa nane. Punda alipoamshwa aliondoka kwa kasi ambayo haikutarajiwa, akamwaga mkungu mmoja.

Yule mama aliinama kuokota ndizi zake.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita namchapa punda huyu kwa uvivu."

Hakutaka chochote kwangu. Alitaka tu nimwambie mahali pa kumpata yule aliyemuuzia, na sikupajua.

Fundi alifunga difu mbele, akarudisha shafti. Tulipanda lile korongo mvua ikinyesha, magurudumu yote manne yakifanya kazi, na muuguzi akila hindi njia nzima. Baada ya wiki mbili nilirudi Majengo kumwaga oili ya difu, kama nilivyoagizwa. Fundi aliisugua kati ya vidole, akaichunguza juani kama ina chembe za chuma.

"Safi," alisema, akarudi chini ya gari la mtu mwingine.