Mkono wa Angela Haukutetemeka

Angela Tluway alizaliwa Rhotia, kwenye nyumba iliyozungukwa na mahindi na maharage, na mpaka anamaliza shule hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kushika kamera. Ya kwanza aliishika kanisani. Paroko alikuwa na kamera ya parokia iliyokosa mtu wa kuitumia, akamwambia Angela awapige picha watoto wa kipaimara na mama zao siku ile askofu alipokuja. Picha zikatoka vizuri mno, kiasi kwamba akina mama waliokuwa wamezoea kujiona pichani kama vivuli walizishika mikononi wakacheka wenyewe.

Miaka ikapita, akafungua studio Karatu mjini, karibu na stendi. Picha za pasipoti, harusi, send-off, misiba. Watu walisema ukipigwa na Angela, nyuzi za kilemba unaziona moja moja. Lakini moyo wake ulikuwa kwa wanyama. Kwa hiyo Leonce, meneja wa kampuni ndogo ya utalii pale mjini, alipomtaka awe anapanda na wageni kwenda kreta, lile bonde la volkano lililojaa wanyama, kuwapigia picha za wanyama, hakujiuliza mara mbili. Kamera ilikuwa ya kampuni, pamoja na lenzi moja ndefu ya kuvuta mbali, nzito kama chungu cha maharage.

Siku yake ya kwanza walipita geti la hifadhi ukungu ukiwa bado umeukumbatia mlima. Dereva alikuwa Lomayani, mtu wa Endulen, mpole, asiyependa maneno mengi. Wageni walikuwa mume na mke, wazee, ambao maisha yao yote walitamani kumwona faru mweusi. Na Mungu si Athumani: hawajakaa sana chini kretani, faru akatoka kwenye msitu wa Lerai na mtoto wake nyuma. Lomayani akazima injini. Yule mama mzee akashika mkono wa mumewe, akaanza kulia kimya kimya.

Angela aliilaza lenzi juu ya kifuko alichokijaza maharage ya kwao, akavuta hadi mwisho, akabonyeza kitufe nusu ili kamera ishike fokasi, picha isitoke na ukungu. Lenzi ikanguruma. Ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena mbele, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. Kisha ikalia "pi", kwamba imeshika. Akapiga. Akatazama kioo cha nyuma ya kamera: majani yaliyokuwa mbele ya faru yalikuwa safi, faru mwenyewe ni wingu la kijivu. Akajaribu tena, hali ile ile. Alipoamua kuachana na fokasi ya mashine na kuzungusha kwa mkono, faru na mtoto walikwisha kugeuza makalio.

Waliporudi ofisini, Leonce alizipitia zile picha kwenye kompyuta, madereva wote wakiwa wamesimama nyuma yake.

"Mkono umetetemeka," alisema.

"Bosi, haukutetemeka. Lenzi inatafuta, haishiki. Na ikisema imeshika, imeshika mahali sipo. Naomba tuipime."

"Asiyejua kucheza husingizia ngoma." Leonce akawageukia madereva. "Si niliwaambia? Ile lenzi si ya mwanamke."

Wakacheka. Lomayani hakucheka, lakini pia hakusema kitu. Kazi akapewa Vedasto, kijana wa mjini aliyekuwa akipiga picha za mpira.

Karatu ni mji mdogo. Maneno yalifika sokoni kabla Angela hajafika nyumbani. Mama mmoja aliyekuja kuchukua picha za ubatizo alimwuliza, kwa huruma kabisa, kama mkono umepona. Familia moja ya kijijini Buger iliyokuwa imempa harusi ya binti yao ilituma ujumbe kwamba wamepata mtu mwingine. Mwisho akaanza kujitilia shaka mwenyewe. Asubuhi alikuwa akishika kikombe cha chai, anakinyoosha mbele yake, anakitazama kama chai inacheza. Haikucheza. Hata hivyo kesho yake alikitazama tena, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: kwamba walikuwa wamemfanya auchunguze mkono wake kama mwizi.

Siku moja Lomayani aliingia studio kupigwa picha ya kubadilisha leseni. Alipokwisha kukaa kwenye kiti, akasema kama anayezungumza na ukuta, "Picha za Vedasto nazo zimekuwa ukungu."

Angela akashusha kamera. "Za lini?"

"Zote. Tangu aanze."

"Na bosi anasemaje?"

"Anasema ni joto. Eti mvuke wa ardhi ya kreta unachezesha picha."

Angela akaiweka kamera mezani. Alijua mvuke upo. Jua likiwa la utosi, kitu cha mbali huyumba kama kiko ndani ya maji. Lakini yeye alikuwa amepiga asubuhi, baridi ikiwauma vidole, na faru hakuwa mbali. Kwa mwanamume, ni joto. Kwa mwanamke, ni mkono! Lenzi moja, ukungu mmoja, na mwenye kosa ni yule anayevaa sketi. Alifunga studio, akaichukua stendi yake ya miguu mitatu, lenzi yake ndogo na gazeti lililokuwa mezani, akapanda gari la Lomayani bila kuomba.

Ofisini madereva walikuwa wanaosha magari. Vedasto alikuwepo. Leonce alipomwona akainua mkono: "Angela, nina wageni wanakuja."

"Waje. Wataona na wao. Nataka lenzi ile, hapa uani, sasa hivi."

"Usinifanyie fujo ofisini kwangu."

Ndipo Vedasto akasema, macho yake yakiwa chini, "Bosi, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tuipime tu. Hata mimi nimechoka kusema joto."

Vedasto akaleta kamera na ile lenzi. Angela akabandika gazeti ukutani, akaifunga kamera kwenye stendi. Akatoa kile kioo cha kinga cha mbele, ili lisibaki la kusingizia. Akafuta vile vidoti vya shaba vinavyounganisha lenzi na kamera. Akazima kizuia mtikisiko, akahakikisha swichi ya umbali wa fokasi imekaa inapotakiwa, akachagua nukta moja tu ya katikati ya kushikia fokasi. Kisha akaweka kamera ijipige yenyewe, akarudi nyuma, mikono yote miwili mgongoni ili kila mtu aione.

Lenzi ikiwa haijavutwa, maandishi yalisomeka. Ilipovutwa mpaka mwisho ikanguruma, ikatangatanga, ikalia "pi". Gazeti likatoka ukungu, na kokoto za uani, kabla ya kufika ukutani, zikatoka safi. Akarudia. Vile vile. Akafunga lenzi yake ndogo kwenye kamera ile ile: safi.

"Haya," alisema. "Niambieni mkono wa nani umetetemeka hapo."

Kisha Lomayani akakohoa. "Ile lenzi ilianguka, dada. Kabla hujaja. Tulikuwa tunashuka kreta, ikatoka kitini ikapiga chuma. Bosi alisema vioo havijapasuka, yaishe, tusiseme."

Angela akamgeukia. Hasira iliyokuwa kwa Leonce peke yake sasa ilikuwa kwa watu wawili. "Na siku ile ulisimama hapo, unanisikia natukanwa?"

"Nina watoto, dada."

"Na mimi ni mtoto wa watu!"

Lomayani akainamisha kichwa. Leonce akajaribu kucheka. "Basi, yamekwisha. Lenzi itapelekwa kwa fundi. Kesho urudi kazini."

"Ulinisema mbele yao. Unisafishe mbele yao."

Leonce alisema, lakini kwa kuukunja uso, akitazama simu yake: "Angela hakukosea." Maneno mawili, kama anayetema maganda. Angela akabeba stendi yake akatoka. Kazini hakurudi.

Fundi wa Arusha alikuta kipande kimoja cha ndani kimepinda. Vedasto ndiye aliyemletea habari hiyo, na ni yeye aliyekwenda mwenyewe Buger kuwaeleza wale wa harusi. Harusi ilikuwa imeshapita. Wateja wengine walirudi, wengine hawakurudi, maana uvumi hupanda bodaboda na ukweli huenda kwa miguu. Lomayani anapopita hupiga honi. Kuna siku Angela huitikia, kuna siku hapana.

Mwaka huu kambi moja ya watalii juu ya kreta imemwita. Bosi mpya, mama mchangamfu, alimpa kamera na lenzi ndefu, akamkaribisha chai. Angela akaigeuza lenzi mikononi, akauliza, "Hii imewahi kuanguka?"

Yule mama akacheka, akidhani ni utani. Angela hakucheka. Aliiweka lenzi mezani, akasubiri jibu.