Paka Mmoja wa Mapacha Wawili

Jamani, kama hujawahi kumwona mtu anayeshuku mpaka chai aliyojipikia mwenyewe, njoo kwetu, upande wa Qena, kusini mwa Misri, umuulizie Rasmia fundi cherehani. Ni mama yangu mdogo, nampenda sana, lakini yule mama! Ukimpelekea kitambaa anakata kipande cha pembeni anakupa, eti kesho usije kusema amekubadilishia. Mumewe alipofariki aliwachunguza mpaka waliokuja msibani, nani analia kwa machozi na nani kwa sauti tu.

Sasa Nawara, jirani wa nyumba ya tatu, alijifungua tukaambiwa ni mtoto mmoja, Rabab, mgonjwa, haonwi. Miezi mitatu baadaye akaja dukani kwa mama mdogo, nami nimekaa hapo, na uzi wenye mafundo ya vipimo. Shingo hii, shingo nyingine, mikono minne, kifua kimoja.

"Mama Rabab, hii nguo ya mtu au ya jini?"

"Shona tu, shangazi."

"Sishoni nisichokijua. Kesho nisikie kuna mtu karogwa, na sindano ni yangu!"

Nawara akalia, akafunga mlango, akasema. Ni wasichana mapacha, Rabab na Rihab, wameungana kuanzia kifuani mpaka tumboni. Baba yao, Qinawi, amekataza wasionwe kwa sababu anaogopa simu za watu. Hapo yeye na mama mdogo wakanigeukia mimi. Nikaizima simu mbele yao, naapa.

Ila nilipofika nyumbani nikasaka, na nilifurahi kujua mpaka usingizi ukakimbia! Kumbe ni yai moja. Pacha wa kufanana ni yai moja linalogawanyika mapema; la hawa lilichelewa, karibu wiki mbili, na kugawanyika hakukuisha. Ndiyo maana walioungana huwa wa jinsia moja. Tena sio jambo la jana. Zaidi ya miaka elfu nyuma, kule Konstantinopoli, walikuwepo ndugu wawili walioungana, mmoja akafa, matabibu wakamkata ili wamwokoe mwenzake, akaishi siku tatu. Karne za karibuni wakawa wanawekwa kwenye maonyesho, watu wanalipa kuchungulia.

Nikamwambia mama mdogo. "Siku tatu?" akasema. "Nani alihesabu?"

Hospitali ya Asyut ilishawapiga picha: kila mmoja ana moyo wake, wanachangia ini tu, na ini ukilikata linakua tena. Wakitimiza mwaka watatenganishwa. Daktari alionya jambo moja: akiugua mmoja, leteni wote haraka, damu inapita kwa wote wawili.

Lakini kwetu tuna letu. Pacha akilala na njaa, roho yake inatoka inazurura kwa umbo la paka. Usimpige paka, utamkuta mtoto wa watu ana jeraha. Na pacha aliyelala hivyo usimhamishe, roho ikirudi itakikuta kitanda kitupu.

Basi siku moja mchana, jua linaunguza, mtaa mzima umelala, paka wa kijivu akaingia dukani akajilaza juu ya hariri ya bibi harusi. Mama mdogo akamchapa rula. Paka akaruka ndani ya sanduku la vitambaa, naye akabamiza mfuniko. "Kaa humo! Unajua nani kakutuma!"

Haikupita saa, Nawara huyo, kichwa wazi, miguu peku.

"Rihab haamki! Kalegea kama kitambaa! Nani kampiga paka?"

"Mimi sijaona paka," mama mdogo akasema, usoni hana hata haya.

"Shangazi, niapie!"

"Unaniapisha dukani kwangu? Umetafuta mtu wa kumtupia lawama ukaniona mimi, sio?"

Qinawi akafika nyuma yake, anahema. "Gari lipo tayari, lakini huyu kawafungia watoto ndani na ufunguo anao yeye, hataki niwaguse. Anasema mpaka paka arudi."

"Ukiwabeba sasa unamzika Rihab!" Nawara akapiga kelele. "Atarudi wapi?"

"Nisipowabeba nitawazika wote wawili, mwanamke!"

Mimi nilikuwa namtazama mama mdogo. Akikiri, mtaa mzima utasema kaua mtoto. Akinyamaza, wale watoto hawatoki ndani. Alitutazama mmoja mmoja, kama anatafuta nani atamsaliti. Halafu akaenda akafungua sanduku mwenyewe.

Paka akachomoka mbio.

Nawara akashika mdomo. "Mmoja? Na wa Rabab yuko wapi?"

"Wameungana, mwanangu," mama mdogo akasema bila kupepesa. "Paka wao ni mmoja. Mfuate, uone anaingia wapi."

Paka akakimbilia kivuli cha kwanza alichokiona, na kwa bahati kilikuwa cha kibaraza cha Nawara. Ikatosha! Nawara akafungua mlango, Qinawi akawanyanyua watoto, tukajazana garini.

Hospitalini wakasema ni kuhara na joto, Rihab kaishiwa maji mwilini, na mwenzake alikuwa anamfuata. Dripu ya kwanza mshipa wa Rihab ulikataa, wakamtundikia Rabab huku wanatafuta mwingine. Rabab akaanza kulia. Baadaye, taratibu, na Rihab akakunja uso akalia kwa sauti ya paka, samahani, ndivyo ilivyokuwa.

Mama mdogo akasimama ili aondoke kimyakimya.

"Unaenda wapi?" Nawara akauliza.

"Nyumbani. Nina kazi za watu."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Mara moja. Kwa rula."

"Mara moja kwa hesabu ya nani?" Nawara akavuta kiti kwa mguu, akakiweka upande wa pili wa kitanda. "Kaa hapo. Niione mikono yako mpaka wanangu waruhusiwe."

Na mama mdogo, ambaye hajawahi kuamrishwa na mtu, akakaa. Alikaa siku nne.