Dada Zamu, afisa anayekaa benchi la nyuma

Saa moja na robo asubuhi, mwanamke aliyevaa koti la mvua juani amepiga magoti kando ya barabara ya vumbi, anaziba pancha ya pili ya wiki hii. Kiraka amekibana kwa meno, mikono imejaa grisi. Haonekani kuwa na haraka, ila kila baada ya dakika moja anaitupia jicho saa yake.

"Ukiambiwa kazi yangu ni kuongea, usikubali," anasema bila kuinua kichwa. "Nusu yake ni mpira wa pikipiki."

Mwandishi wa makala hii, aliyepakiwa nyuma huku amekumbatia bomba la plastiki lenye karatasi za kufundishia, ameambiwa ashike tairi na aache maswali mpaka gundi ikauke. Ameshika.

Kwenye barua za ofisi mwanamke huyu anaitwa afisa uongozi wa vijana wa kilimo. Vijana wenyewe wanamwita Dada Zamu. Ana miaka thelathini na minne, na anazungukia vikundi kumi na saba vya vijana wanaolima pamoja. Hawafundishi kulima tu. Anawafundisha kuendesha mkutano, kugawana kazi, kuweka kumbukumbu za shamba na kusimama mbele ya wazazi wao bila miguu kutetemeka.

Jina la Zamu limetokana na sheria yake moja isiyo na msamaha. Katika vikundi vyake hakuna mwenyekiti wa kudumu. Majina yote yanaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, na kila mkutano unaongozwa na anayefuata, awe msemaji au bubu wa kujitakia. Zamu hairukwi. Yeye mwenyewe hukaa benchi la nyuma na hafungui mdomo mpaka mwenye kiti amwite.

Kazi yenyewe inamgharimu. Petroli ya ofisi, lita ishirini kwa mwezi, huisha kama tarehe ishirini, na mshahara huingia tarehe ishirini na tano. "Zile siku tano katikati ni mimi na Mungu wangu," anasema. Mumewe ni fundi cherehani, na ndiye aliyemshonea mfuko mkubwa ndani ya koti ili daftari lisilowe. Binti yao wa miaka tisa alipoulizwa shuleni mama yake anafanya kazi wapi, alijibu kuwa anafanya kazi barabarani. Mwalimu alimwita mama ili apate maelezo. Mama alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Leo hacheki sana. Kilomita thelathini na nane mbele, saa nne kamili, kamati ya wazazi saba inakutana kuamua kama kikundi cha vijana kumi na wanne kitaendelea kulima ekari mbili walizoazimwa, au shamba lirudishwe apewe mtu anayetaka kufyatua matofali. Kamati iliwapa vijana misimu miwili na sharti moja: msimu wa pili mavuno yawe juu kuliko ya kwanza. Msimu wa kwanza walivuna magunia thelathini na moja ya mahindi. Wa pili, kumi na saba.

Mvua ilinyesha vizuri. Wadudu hawakuzidi. Dada Zamu alipopigiwa simu siku tatu zilizopita, aliuliza swali moja tu: mlipanda mbegu gani? Akajibiwa kwa fahari kwamba walichagua mahindi bora kabisa ya mavuno yao wenyewe, makubwa na yaliyojaa, wakayahifadhi kama alivyowafundisha.

Anasema alikaa chini pale pale aliposimama, kwenye ngazi ya ofisi, kisha akawaeleza kosa lilipo.

Ni kweli aliwafundisha kuchagua na kuhifadhi mbegu. Lakini siku ile somo lilikuwa maharage, na mbegu ya maharage huzaa kama mama yake. Mahindi waliyopanda msimu wa kwanza yalikuwa chotara, mbegu ya dukani inayotokana na kuchanganya aina mbili. Ukipanda tena mavuno ya chotara unapata shamba la vituko: mmea mmoja mrefu, mwingine mfupi, magunzi yenye mapengo matupu. Kila mkulima mzoefu analijua hilo, na ndiyo maana hakuna aliyefikiria kulisema. Yeye pia hakulisema.

"Sentensi moja," anasema akikaza nati ya gurudumu. "Ningesema sentensi moja tu, leo tungekuwa tunakwenda kupongezana. Naona aibu. Na ninaogopa, sitakuficha."

Mkuu wake wa kazi amemwagiza aende akawatetee vijana. Anajua kutetea, tena mno. Miaka miwili iliyopita, mahali pengine, alisimama mbele ya wazazi akaongea dakika arobaini kwa niaba ya kikundi chake, kwa takwimu na michoro. Wazazi walipiga makofi. Kisha wakasema basi shamba apewe huyu dada, maana ndiye anayejua kilimo, na vijana waende wakatafute kazi. Kikundi kilivunjika mwezi ule ule. Mdomo uliponza kichwa, na tangu siku hiyo anakaa benchi la nyuma.

Tunafika saa tatu na nusu. Mkutano unafanyika katika ghala la zamani la ushirika: sakafu ya saruji iliyopasuka, madirisha mawili yenye nondo, mabenchi yaliyoazimwa shuleni na meza moja ya mguu uliotegemezwa kwa kipande cha tofali. Vijana wamesimama nje, wanabishana kwa sauti za chini. Wakimwona wanamzunguka wote kwa pamoja.

Tatizo ni karatasi ya ukutani. Zamu ya leo ni ya msichana wa miaka kumi na tisa wanayemwita Kimya. Jina linajieleza. Kwa misimu miwili amesema maneno ambayo, kwa hesabu ya wenzake, hayajazi ukurasa. Kijana mwingine, wanayemwita Redio kwa sababu hazimiki, amejitolea kuongoza badala yake. Amevaa shati la mikono mirefu na ameshajikohoza mara tatu.

Wanamwomba Dada Zamu aruhusu zamu irukwe, leo tu. Shamba liko hatarini, wanasema, na hili si jambo la kufanyia mazoezi.

Baadaye atakiri kwamba moyoni alikuwa upande wao. "Nilitaka Redio aongoze. Nilitaka hata mimi niongoze. Nilimtazama yule binti nikaona ekari mbili zinaondoka." Lakini anachowajibu ni kwamba yeye hana zamu ya kutoa wala ya kunyima. Wamuulize mwenyewe.

Wanamgeukia Kimya. Ameshika mfuko wa karatasi kifuani kwa mikono miwili. Anawatazama mmoja mmoja, kisha anasema, "Ni zamu yangu," na anaingia ndani.

Wazazi saba wameshaketi. Katikati yuko mwenyekiti wa kamati, mzee mnene mwenye miwani anayeitwa Mizani, kwa kuwa alipima mazao ya watu katika ghala hili hili kwa miaka ishirini na sita na inasemekana hakuwahi kumpunja mtu wala kumwongezea. Kushoto kwake yuko mama mwenye mashine ya kusaga, mwanamke ambaye watoto wa mtaa wote humwamkia mara mbili ili kuwa na uhakika. Dada Zamu anawaamkia wazee shikamoo, anaitikiwa, na anakwenda nyuma kabisa. Kofia ngumu ya pikipiki anaiweka mapajani.

Mizani hana utangulizi mrefu. Anawakumbusha vijana sharti walilolikubali, anataja magunia ya msimu wa kwanza, anataja ya msimu wa pili, anavua miwani. Anauliza wanasemaje.

Kimya anasimama. Ghala zima linasikia mashine ya mtu ikikata mbao huko mbali. Redio anajikuna shingo. Dada Zamu ameuma mdomo wa chini. Mzazi mmoja anaanza kukunja karatasi zake.

Kimya anafungua ule mfuko, anatoa magunzi mawili ya mahindi yenye punje zake na kuyaweka mezani mbele ya Mizani. Moja ni nene, limejaa hadi ncha. La pili ni fupi na lina mapengo.

"Hili ni la mwaka jana," anasema. "Hili ni mtoto wake. Tulipanda mahindi ya kula tukidhani ni mbegu. Tulikosea, wazee wangu. Mvua haikukosea, shamba halikukosea. Ni sisi."

Sauti yake ni ndogo kiasi kwamba wazazi wanainama mbele wapate kusikia. Mizani anachukua magunzi, anayapima mkononi moja moja, kama mtu aliyekumbuka kazi yake ya zamani.

Mama wa mashine ndiye anayeuliza swali ambalo benchi la nyuma limekuwa likilisubiri. Anataka kujua nani aliwafundisha kupanda hivyo. Vichwa ishirini vinageuka kumtazama Dada Zamu.

Kimya hageuki. "Tulifundishwa maharage, tukapeleka kwenye mahindi. Kuuliza si ujinga, lakini hatukuuliza." Anavuta pumzi. "Afisa yupo. Akitaka kusema, nampa dakika mbili."

Dada Zamu anasimama. Alikuwa na mengi, anasema: historia ya kikundi, mboga walizozisambaza, vijana wawili walioacha kukaa vijiweni. Hatumii hata dakika moja. Anasema kuna sentensi aliyopaswa kuitamka siku ya somo na hakuitamka, na kosa hilo ni lake. Anaomba radhi kwa kamati, kisha kwa vijana. Anakaa. Shamba halitaji kabisa.

Mizani anarudisha macho kwa Kimya na kumuuliza wamebadilisha nini, maana kukiri peke yake hakujazi gunia. Binti anafungua daftari. Wametenga magunia mawili kubadilishana na mbegu mpya kabla ya mvua. Na wameweka sheria: hakuna punje itakayoingia ardhini mpaka watu watatu waliokwisha kulima mbegu ile wawe wameulizwa, na majibu yao yawe yameandikwa. Wameanza na mama wa mashine. Walimuuliza jana akiwa kazini.

"Walinikuta na unga mpaka kwenye nyusi," mama wa mashine anathibitisha, uso mkavu. "Sikujua wananiulizia nini."

Kamati inatoka nje kushauriana. Dakika kumi na nane. Kimya amekaa akitazama viatu vyake, na Redio anazihesabu nondo za madirisha.

Wanaporudi, Mizani anaitisha kura ya kunyoosha mikono hadharani. Watano wanakubali vijana waendelee kwa misimu mingine miwili, wawili wanakataa. Mmoja wa waliokataa ni baba mzazi wa Redio, jambo litakaloleta chakula cha jioni kirefu. Mama wa mashine, mkono wake ukiwa bado juu, anaomba aseme neno.

"Nimelea saba," anasema. "Sijawahi kumwona kijana akija kuniambia amekosea kabla sijamkamata. Huyu mwacheni alime."

Kelele zinazofuata zinawafukuza njiwa darini. Kimya analia waziwazi, wenzake wanampiga piga mgongoni, na Dada Zamu ameinamia kofia yake akijifanya anatengeneza kamba ya kidevu. Haitengenezeki kwa dakika nzima.

Wazazi wakishaondoka, kikundi hakitoki. Wanavuta mabenchi yawe duara na kuanza kupanga nani atafuata mbegu na nani atachimba mashimo. Dada Zamu anasikia wakijadili nafasi kati ya mstari na mstari, na mazoea hayana dawa: anainua mkono huku mdomo tayari umefunguka, anaanza kusema kwamba yeye angeshauri...

"Hatujafika huko, dada," Kimya anamwambia kwa heshima zote. "Tukifika nitakupa nafasi."

Dada Zamu anashusha mkono. Nafasi ile haiji, kwa sababu wanalimaliza jambo wenyewe, na wanalimaliza sawasawa.

Nje, akifunga bomba la karatasi kwenye pikipiki, anaeleza mpango wake. Anataka ndani ya mwaka mmoja akitoe kikundi hiki kwenye ratiba, siku zake azipeleke kwa kikundi kipya ambacho bado hakijajua hata kuandika majina ukutani. Somo la mbegu ameshaliandika upya, na sentensi iliyokosekana imekuwa ya kwanza. Anatumaini siku moja kumwona Kimya akikaa upande ule mwingine wa meza, kwenye kamati, akiwasikiliza vijana wengine.

"Kazi yangu nikiifanya vizuri, wananiacha," anasema. "Nilikuwa najua. Sikujua kwamba ningefurahi na kuumia kwa pamoja."

Kabla ya kuwasha pikipiki anarudi mlangoni, daftari mkononi, kuuliza wampangie tarehe gani ya kuja tena. Kimya anapitia kurasa zake mpaka mwisho, anawatazama wenzake, kisha anamtazama afisa wake.

"Wewe endelea na safari, dada," anasema. "Tukikwama tutakupigia."