Dohani ya Mwenye Nyumba

Sebuleni kwa mwenye nyumba wangu, hapa Ihumwa, kuna meko ya ukutani yenye dohani ndefu, aliyoyaiga kwenye picha. Hayajawahi kuwashwa. Kila mgeni humkalisha mbele yake, kisha huyapangusa vumbi kwa kiganja, mwenyewe amevaa koti. Julai hii upepo ulishuka humo mpaka mapazia yakacheza, na mama yake, aliyekuja kutoka Mlali, akaanza kufunga mizigo.

"Sisi tunafuga mbuzi, mwanangu. Wewe unafuga upepo."

Jioni nilimkuta mwenye nyumba amepiga magoti, anasukumiza gunia la pumba dohanini kwa mpini wa jembe. "Usimwambie mtu, binti," alininong'oneza. Mama alibaki. Sasa huwaambia wageni kwamba meko ya mwanawe yanapasha joto vizuri sana, naye huitikia kwa kichwa.