Mama Panya na mikono iliyolala

Saa mbili asubuhi. Mwanamke mmoja amechuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu, mkono wa fundi cherehani aliyekikalia ameulaza juu ya goti lake mwenyewe. Haangalii pengine popote, ni ngozi ile tu.

"Jaribu tena, dada," anasema. "Usiuonee huruma."

Fundi anauma meno, jasho linamtoka. Mkono huo haujasogea tangu kiharusi kilipomwangusha akiwa kazini. Mumewe, aliyesimama nyuma ya kiti, ananyoosha shingo aone.

Hiki ni chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini, chenye vitanda viwili na kamba ya kuvuta iliyofungwa kwenye nondo ya dirisha. Mwanamke huyo amefanya kazi humu kwa miaka kumi na tisa, na wagonjwa humwita Mama Panya. Jina halimkeri hata kidogo.

Alilipata kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa lugha, aliyeletwa akiwa amepooza upande mmoja. Kila alipoambiwa akunje mkono, aligeukia ukutani. "Mwanangu, niache nife kwa utaratibu," alimwambia.

"Siku moja nikamkandamiza hapa," Mama Panya anasimulia, akigusa juu ya kiwiko chake. "Nyama ikaruka. Mzee akapiga kelele, 'Panya!' Sasa mimi na panya hatupatani. Kufumba na kufumbua, niko juu ya kitanda!"

Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka, mara ya kwanza tangu augue. Kisha, kwa ulimi mzito, akamweleza kwamba Waingereza wanaposema "muscle", yaani msuli, wanatumia neno lililotoka kwenye Kilatini, "musculus", maana yake panya mdogo. Watu wa kale walipotazama mkono ukikunjwa, waliona kama kijipanya kinakimbia chini ya ngozi.

"Hakugeukia ukuta tena," anasema. "Kila nikiingia ananiuliza, 'Panya wetu ameamka?' Aliondoka hapa anajilisha mwenyewe."

Tangu hapo kila mgonjwa husimuliwa habari hiyo. "Ukimwambia mtu mkono wake umekufa, na yeye anakufa nao. Mwambie kuna kitu hai kimelala humo, atataka kukiamsha."

Ghafla ngozi ya fundi inatetemeka, juu kidogo ya kiwiko. Kidogo sana.

"Nimeona!" mumewe anapayuka. Fundi anacheka na kulia kwa pamoja.

Kinachomuumiza Mama Panya ni wale wanaoanza kupata nafuu, kisha wakirudi nyumbani wanaachwa kitandani kwa kuwa hakuna anayejua kuwanyoosha viungo. Kaka yake, muuza viatu, amemwahidi chumba cha nyuma ya duka. Humo anataka kuwafundisha ndugu wa wagonjwa kila Jumamosi.

"Mashine sina, na sizingoji. Nipewe sakafu isiyoteleza na watu wenye subira."

Anainuka, magoti yakilia, anamgeukia mume wa fundi.

"Haya, shemeji, mbona umesimama kama mgeni? Kaa hapa nilipokaa mimi. Shika mkono wa mkeo."


Mume anapiga magoti, anaushika.