Madonge ya Kijani Kwenye Kamba ya Nguo

Jambo hili nilikuwa nimeapa kulifukia kabisa, maana kila nikilikumbuka uso unaniwaka, lakini kwa kuwa mmeniuliza kwa nini mtu akija kwangu namwacha aseme shida yake mpaka amalize ndipo nami nifungue mdomo, basi ngoja niwaambie, mnicheke, na mkishacheka mnihurumie kidogo.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, watu wanavuka kutoka Burundi na kushukia Kagunga, kijiji cha mpakani, na mimi nilikuwa nafua nguo kwa mama mmoja wa Kizungu aliyekuja kufanya kazi na hao wakimbizi, amepanga nyumba mjini Kigoma. Bosi wangu huyo alikuwa na mashine ya kukaushia nguo (jua lote lile la Kigoma, yeye anakaushia nguo ndani, lakini mshahara analipa kwa wakati, mimi ni nani niseme). Masika yalipoingia akaniambia kuna madonge ya sufu, ukiyatia ndani ya mashine yanazipigapiga nguo, zinakauka upesi na jenereta inapumzika. Akanifundisha kuyatengeneza: unafumua sweta la sufu, unauviringa uzi mpaka uwe donge kama chungwa, unayapanga madonge ndani ya stokingi, unafunga fundo kati ya moja na jingine, unachemsha kwa sabuni mpaka nyuzi ziumane ziwe kitu kimoja kigumu, halafu unaanika na stokingi yake. Rangi yoyote, akasema, mradi yatimie sita, na nikitaka nikayafanyie nyumbani.

Sokoni kwenye mitumba nikapata masweta mawili ya sufu, moja jeupe na moja la kijani kile kilichokolea, cha nguo za askari. Nikachukua la kijani, eti jeupe linashika uchafu. Hapo ndipo nilipoanza kujitafutia balaa.

Sasa nyumbani kwangu, kule Bangwe, nilikuwa na siri. Chumba cha nyuma alikuwamo Spesi, binti wa mama yangu mdogo aliyeolewa Burundi, ametoka kambini bila kibali ili ajifungue akiwa na ndugu wa kumkanda na kumpikia uji, na mtoto alikuwa ametimiza siku tisa. Ukiwa na mgeni kutoka ng'ambo ulitakiwa ukamwandikishe kwa balozi wa nyumba kumi, na asiye na kibali anapandishwa kwenye lori, awe mzazi asiwe mzazi. Mimi sikumwandikisha. Basi nikawa mtu wa kuishi roho juu, nikisikia lori linapanda mlima nakimbilia kufunga dirisha la nyuma, mtoto akilia najikohoza kwa nguvu ili majirani wasisikie (nilikohoa mpaka watu wakaanza kuniletea dawa za kienyeji). Spesi, aliyekuwa ameyaona ya kuona huko alikotoka, ananitazama tu na kucheka.

"Dada, humu ndani mkimbizi ni wewe," alikuwa akiniambia.

Ni yeye aliyenisaidia kuviringa yale madonge, mtoto kamlaza pajani, anakaza uzi kweli kweli. Tukapata sita. Nikayachemsha kwenye sufuria ya ugali (wiki nzima ugali wangu ulinuka kondoo aliyenyeshewa), mchana mvua ikakatika, nikaitundika stokingi kwenye kamba ya nguo uani, madonge sita ya kijani yamepangana, yanachuruzika maji.

Haukupita muda, jirani yangu Bi Zaituni akaja na kigae chake kuomba moto. Akasimama kwenye ua, akaangalia kule kwenye kamba, kisha akarudi kinyumenyume bila salamu na bila moto. Mimi nilikuwa jikoni, namwona. Mtu aje kuomba moto aondoke bila moto, kuna jambo. Na muda huohuo mtoto alikuwa amelia. Nikajua ameshasikia.

Kidogo mtaa ukanyamaza. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, nasikia kina mama wanavuta watoto ndani. Halafu nikamwona balozi anakuja na mgambo wawili, mmoja ana bunduki, wanatembea kiubavu kwa kujibana na ukuta. Balozi akasimama mbali, nyuma ya mpapai, mzee wa watu na tumbo lake linaonekana lote.

"Mama Jeni, toka nje taratibu. Mikono yako tuione."

"Shikamoo balozi," nikasema, nimenyoosha mikono. Hakuitikia. Mnajua mzee asipoitikia shikamoo hali inakuwaje.

"Tumepata habari kwamba katika nyumba hii..."

Hakumaliza. Sikumwachia amalize. Nilipiga magoti hapohapo nikatapika yote kwa pumzi moja, na kwa sauti ya kusikika nyumba tano: "Balozi nisamehe, yuko chumba cha nyuma, ni ndugu yangu wa damu, katoka kambini, kibali hana, mtoto wake ana siku tisa, nakuomba msimpandishe kwenye lori."

Balozi akamwangalia mgambo, mgambo akamwangalia balozi.

"Nani yuko chumba cha nyuma?" balozi akauliza.

"Spesi."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya hayo mabomu," akasema, na akanyoosha kidole kwenye kamba ya nguo.

Siku zile kila mahali ilikuwa habari za watu wanaovuka na mabomu ya mkono ndani ya mizigo, na Bi Zaituni wa watu, alichokiona ndicho alichokisema. Nami nikageuka nikatazama, na hofu ni kitu cha ajabu, nikayaona mabomu kweli, sita, yananing'inia. Mara Spesi akatoka ndani, mtoto kambeba, akampita mgambo kama anampita mtu sokoni, akafungua fundo la mwisho la stokingi, akatoa donge moja na kuliachia chini.

"Laleni!" mgambo akapiga kelele.

Tukalala. Mgambo wakalala, balozi akalala kwenye dimbwi la maji ya vyombo, na mimi, mimi niliyelifumua sweta kwa mikono yangu na kuyachemsha kwenye sufuria yangu, nikalala kifudifudi tope mpaka puani. Donge likadunda mara mbili, likaviringika, likaja kunigusa sikio. Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Zaituni, dirishani mwake, halafu mtaa mzima.

Balozi akainuka, akajifuta. "Nimekuja kutafuta mabomu, mabomu hakuna," akasema. "Mengine sikuyasikia, masikio yamejaa tope." Akaondoka zake.

Nilidhani tumepona. Lakini asubuhi nikamkuta Spesi anamfunga mtoto mgongoni.

"Unakwenda wapi, wakati balozi ameshasema hakusikia kitu?"

"Balozi simwogopi, dada."

"Mgambo je?"

"Nao siwaogopi." Akakaza kitenge, akaniangalia kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza. "Wale hawakuwa wakinitafuta mimi."

Nilimsindikiza hadi barabara ya kambini, akaenda mwenyewe kwa miguu yake, na habari zikanifikia kwamba alifika salama. Donge moja alilichukua, la mtoto kuchezea. Bosi alipouliza mbona matano, nikamwambia moja lilianguka.

Basi mkija kwangu mkaona nimebana midomo, msiseme naringa. Maliza kwanza wewe unachotaka kusema.