Kwenda Visiwa vya Karkana Kumtafuta Shemeji

Niliondoka Rumonge kwa ajili ya dada yangu Mwavita. Mume wake, Ramadhani, alikwenda kuhiji na hakurudi. Miaka ikapita. Hakuna aliyeleta habari ya kifo chake, na masheikh wa Ujiji walimwambia dada kwamba bila kifo au talaka yeye bado ni mke wa mtu. Fundi mmoja wa mitumbwi kule Kizuka, aliyefiwa na mkewe, alikuwa ameshamposa mara mbili, na mara mbili tulimrudisha.

Kisha haji mmoja wa Ujiji akaja na maneno. Huko Makka alikutana na mvuvi wa visiwa vya Karkana, katika bahari iliyo mbele ya Misri. Mvuvi huyo alisema kijijini kwao kuna mtu mweusi asiyechoka kulisifu ziwa linaloitwa Tanganyika. Mimi nilikuwa nimeweka akiba ya hija kutokana na mawese. Nikaamua kwenda mwaka huo huo.

Kutoka Rumonge tulipiga makasia kufuata ufuko, tukaupita msitu wa Kigwena, hadi Ujiji. Ujiji mpaka Tabora nilikwenda kwa miguu pamoja na wachukuzi. Tabora nikapanda gari la moshi la Wadachi, nikashikilia benchi kwa mikono miwili mpaka nikazoea. Dar es Salaam nikapata meli ya Jeddah.

Baada ya hija niliwauliza mahujaji wa Maghribi, kundi kwa kundi, mpaka nikampata Haji Salem, mzee wa Karkana. Kwa Kiarabu changu cha chuoni nilimtajia jina la shemeji. Alisema anamjua, ni jirani yake, na kwamba nikitaka nitafuatana naye.

Tulishuka katika mji wa Sfaksi, kisha mashua ikatuvusha. Visiwa vile viko chini sana; kwa mbali nilidhani mitende imeota majini. Hakuna hata kilima. Mimi niliyekua na milima mgongoni nilijiona kama sina pa kuegemea. Bahari yenyewe ina kina kifupi, watu hutembea ndani yake. Wavuvi husimika makuti yawe ua mrefu majini, na samaki huufuata ua huo hadi mtegoni. Pweza humtegea vyungu vitupu, naye huingia mwenyewe akiona amepata nyumba. Niliiona mitende nikafikiri michikichi ya kwetu, nikaomba mawese. Wakanipa mafuta ya zeituni.

Ramadhani nilimkuta majini akitengeneza ua. Alinitazama kitambo, akapangusa mikono kwenye nguo.

“Amahoro,” akasema, kwa salamu ya kwetu.

Nikamjibu vilevile, tukaenda kwake. Alikuwa na mke, Zohra, na watoto watatu. Zohra alituandalia pweza na ngano, akakaa mlangoni. Hakuuliza mimi ni nani.

Ramadhani alinisimulia kwamba aliibiwa nauli Jeddah, akapanda meli ya Maghribi kama mpishi ili apate ya kurudia. Homa ikamshika njiani. Watu wa kisiwa wakamshusha wakamuuguza, na Zohra, mjane, ndiye aliyempikia uji.

“Mwaka wa kwanza nilikuwa mugonjwa,” akasema. “Wa pili nilikuwa na haya. Kisha sikujua tena nianzie wapi. Mwavita iko namna gani?”

“Iko anakungoja. Ndio maana nimekuja. Ama turudi wote, ama umwache.”

Akasema atarudi. Alisema haraka, kabla sijamaliza. Asubuhi alifunga mzigo, tukaingia majini kuifuata mashua iliyosimama mbali kidogo. Watoto wakatufuata. Maji yalipofika magotini kwa mdogo wao, mtoto akasimama, na Ramadhani naye akasimama. Sikumvuta. Nilikuwa nimekuja na hasira ya miaka mingi, na pale maji yakitupita miguuni niliitafuta nisiione.

Alirudi ufukoni akamwita Haji Salem. Mbele yetu sisi wawili akatamka talaka, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, ili mimi nisije nikasema sikuelewa. Kisha akanisindikiza mpaka kwenye mashua. Ilikuwa mwezi wa Maulidi.

Kurudi kulikuwa njia ile ile, ila Tabora niliugua tumbo nikakaa sana. Nilifika Rumonge katika Shaabani, miezi mitano baada ya talaka. Dada alikuwa akichemsha ngazi za mawese, yale matunda ya michikichi. Nikamweleza yote, na Zohra na watoto pia. Aliuliza kama Ramadhani ana afya. Nikasema anayo. Akauliza talaka ilitamkwa mwezi gani.

Sheikh alipoitwa, alisema eda, ile miezi mitatu ya kungoja kabla ya kuolewa tena, huanza siku talaka inapotamkwa. Basi ilikuwa imekwisha nikiwa bado Tabora.

“Yaani niko huru siku zote hizi,” dada akasema, “na jana nilikataa kwenda arusini kwa kuwa mume wangu yuko safarini.”

Watu huniuliza nilijifunza nini huko, nami huwaeleza habari ya pweza na vyungu. Lakini nililojifunza zaidi ni hapa nyumbani: sikuwa nimejua dada alibeba nini mpaka nilipomwona amekitua. Alikaa chini kando ya moto, akanyoosha miguu, akaniachia mimi mwiko nikoroge.

Fundi wa Kizuka alikuja mara ya tatu juma lile lile. Mama akaingia ndani kumuuliza Mwavita ajibiwe nini.

“Mwambieni ndiyo,” akasema. “Lakini angoje kidogo. Na mimi nilingoja.”